Usiuze kabati la mninga kabla hujapima nyumba unayohamia

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wasomaji wanaohama kutoka nyumba kubwa kwenda ndogo. Hapa Tabora ni wengi. Mtumishi aliyefikisha miaka 60 anakabidhi nyumba ya kazi yenye vyumba vinne na kuhamia vyumba viwili alivyojenga Ipuli au Malolo. Mama aliyebaki peke yake baada ya watoto kutawanyika anapangisha nyumba kubwa, yeye anahamia vyumba vya uani. Vijana waliooana juzi wanaachiwa vyombo na wazazi na hawana pa kuviweka. Wote hao wanafanya jambo moja linalotuuma sisi mafundi seremala: wanamwita dalali, wanauza kabati na vitanda vya mninga kwa bei ya kutupa, kisha fedha hiyo pamoja na sehemu ya kiinua mgongo inakwenda kununua kochi la kukunja na kitanda cha boksi vya chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa kuwa vinanadiwa kuwa ni vya kazi mbili. Masika ya pili ikifika, chipubodi imevimba miguuni, na mninga uko sebuleni kwa mtu mwingine.

Samani ya kazi mbili inayofaa nyumba ndogo, mara nyingi mtu anayo tayari. Inataka kupimwa, kukatwa na kuungwa upya. Mbao iliyokaa miaka 20 ndani ya kabati imekwisha kukauka. Kama ilikuwa ya kupinda, imepinda zamani na fundi anaiona kwa macho. Kama ilikuwa na sehemu nyeupe ya kuliwa na bungua, matundu yanaonekana. Mbao mpya ya sokoni haikupi uhakika huo. Mninga wenyewe una sifa ambayo fundi yeyote wa samani za kukunja anaitafuta: hausinyai sana wala hauvimbi sana hali ya hewa ikibadilika, kwa hiyo mlango au bawa la meza linaendelea kukaa mahali pake.

Anza na futi kamba kabla ya kumwita dalali au fundi. Pima chumba ndani kwa ndani, kuta zote nne, maana vyumba vyetu vingi si mraba kamili. Ukuta mmoja unaweza kuuzidi wa mbele yake kwa inchi 3. Pima upana wa mlango, mlango unafungukia upande gani, na dirisha linaanzia inchi ngapi kutoka sakafuni. Pima pia urefu wa kwenda juu hadi dari au kenchi. Kabati lenye kimo cha futi 7 na kina cha futi 2 likiingizwa limelala halisimamishwi kwenye chumba chenye kimo cha futi 7 kamili, kwa sababu wakati linainuka kona yake inapita inchi 87 na nusu hivi, yaani futi 7 na inchi 3 na nusu. Watu wamelazimika kukata miguu ya kabati zuri siku ya kuhama kwa kutojua hesabu hiyo.

Vipimo vya karatasi havimwelei kila mtu, kwa hiyo tumia kanga. Kanga moja ina kama futi 5 kwa futi 3 na nusu. Itandike sakafuni mahali unapotaka meza au benchi, ikunje mpaka ilingane na kipimo cha samani, halafu ishi nayo siku mbili. Pita na ndoo ya maji. Fungua mlango. Ukiikanyaga kanga kila unapopita, samani hiyo haitakaa hapo.

Sasa tuchukue chumba cha kawaida cha futi 10 kwa 10, yaani inchi 120 kila upande. Kitanda cha futi 5 kwa 6, ukihesabu na besela lake, kinakula inchi 64 kwa 78. Ukikisukuma ukutani kwa ubavu mmoja, zinabaki inchi 56. Weka kabati la nguo lenye kina cha inchi 24 upande wa pili: njia imebaki inchi 32, inatosha kupita na kuvaa. Lakini wengi wanataka kitanda hicho kiwe na droo chini yake, na hapo ndipo fedha inapopotea. Droo ya inchi 24 ikivutwa yote, mbele yake zinabaki inchi 8. Mtu hasimami kwenye inchi 8. Matokeo yake droo inavutwa nusu, nusu ya nyuma inajaa vitu vilivyosahaulika, na reli zinaanza kupinda kwa kuvutwa upande upande. Katika chumba hicho hicho, droo zikiwekwa upande wa miguuni zinafanya kazi, kwa sababu kutoka mwisho wa kitanda hadi ukutani kuna inchi 42. Kitanda cha futi 4 kwa 6 nacho kinaruhusu droo za ubavuni. Njia yake inabaki inchi 44, na droo ikiwa wazi una inchi 20 za kuchuchumaa. Ni samani ile ile na chumba kile kile, ila upande wa kufungukia ndio unaoamua.

Kitanda cha kunyanyua godoro na kuhifadhi vitu ndani ni kizuri kwa chumba kidogo, lakini kinachouzwa madukani kina udhaifu wake. Pistoni ya gesi inayokinyanyua imetengenezwa kwa uzito fulani wa godoro. Ukiweka godoro zito la springi inashindwa, na ukiweka la sponji jepesi kitanda hakitulii chini. Zaidi ya hapo, skrubu za pistoni zimefungwa kwenye chipubodi, na chipubodi haina nyuzi za kushika skrubu. Baada ya kunyanyuliwa mara kadhaa tundu linakuwa unga. Fundi wa hapa anaweza kukutengenezea bila pistoni. Sehemu ya juu igawanywe vipande viwili vya futi 3 kila kimoja, kila kimoja na bawaba zake upande wa ukutani na kijiti kigumu cha kukizuia kisianguke. Godoro la sponji la 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina kama kilo 15; unalikunja kuelekea kichwani, unafungua kipande cha miguuni, unatoa blanketi, umemaliza.

Chaga zisipigiliwe misumari. Zipumzike juu ya papi ya pembeni ili ziondolewe na kuanikwa, kwa sababu kunguni hukaa kwenye maungio yale yasiyofunguka. Kwa urefu wa futi 6 weka chaga 11 za inchi 4, mapengo yatakuwa kama inchi 2 na robo tatu. Zikiachana zaidi ya inchi 3, sponji inazama katikati ya mapengo na godoro linaharibika kabla ya wakati wake. Kitanda cha upana wa futi 5 kinataka mhimili wa inchi 2 kwa 4 katikati, nao uwe na mguu wake. Bila mguu huo chaga zinapinda kama upinde na wanaolala wanabingirikia katikati.

Tutakaa kidogo kwenye miguu, kwa sababu hapa ni Tabora na mchwa hauna huruma. Kitanda cha boksi kinachokaa sakafuni moja kwa moja kinapendeza kwenye picha. Ila mchwa unapopenya kwenye ufa wa sakafu unajenga njia yake ya udongo, nyembamba kama kalamu, ukipanda kwenye mbao kwa kujificha. Samani yenye miguu ya wazi inaionyesha njia hiyo. Unaiona asubuhi unapofagia, unaivunja, unatia dawa kwenye ufa. Samani iliyogusa sakafu pande zote inaificha mpaka siku kifuniko kitakapobonyea. Kwa hiyo kila samani ya kuhifadhia vitu iwe na miguu ya inchi 4 angalau, na chini yake pafikike kwa ufagio. Miguu yenyewe iwe ya sehemu nyekundu ya ndani ya mninga. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, hata kama ni mninga, bungua wanaila. Ukiona unga laini kama wa sembe chini ya mguu, ndio hao. Chini ya kila mguu weka kipande cha kigae au kifuniko kigumu cha plastiki usinywe maji ya kudekia. Oili chafu ni ya nguzo za uzio. Kitandani inanuka na kuchafua mashuka, na mtu hapaswi kulala akiivuta.

Tulitangulia kusema cha zamani kinataka kukatwa na kuungwa upya, basi tuoneshe kwa kitanda cha 6 kwa 6 na kabati la milango mitatu, vitu viwili vinavyouzwa sana wakati wa kuhama.

Kitanda cha 6 kwa 6 cha mtu aliyebaki peke yake kipunguzwe kuwa 4 kwa 6. Kwa watu wazima wawili kiishie futi 5. Urefu wa ubavuni haubadiliki, kwa hiyo mbao mbili za ubavuni haziguswi. Kinachokatwa ni ubao wa kichwani, ubao wa miguuni na chaga. Kama ubao wa kichwani una maua yaliyochongwa katikati, fundi asikate upande mmoja. Agawanye: kama ni kupunguza futi 2, futi moja kulia na futi moja kushoto, ili ua libaki katikati, kisha achonge ndimi mpya pande zote mbili. Ulimi uingie kwenye tundu inchi 1 na nusu. Mfupi zaidi ya hapo kitanda kitalia usiku kucha. Na godoro? La springi halikatwi. La sponji linakatwa vizuri kwa kisu kirefu chenye makali ya msumeno, kwa kufuata mstari uliochorwa juu na chini.

Kipande cha godoro kilichokatwa kina futi 2 kwa futi 6. Usikitupe, ndicho mto wa benchi lako. Kama unene ni inchi 8, mpelekee fundi makochi akipasue kwa ubapa kupata vipande viwili vya inchi 4: kimoja cha kukalia, kimoja cha kuegemea. Sasa chukua kabati. Kabati la futi 6 likipunguzwa mlango mmoja linabaki la futi 4, ambalo linatosha mtu mmoja au wawili wenye kiasi. Sehemu iliyoondolewa ina rafu za futi 2 kwa 2. Rafu tatu zikipangwa kwa mstari zinatoa futi 6 kwa 2, ambazo ni sakafu kamili ya sanduku la benchi hilo. Mlango uliobaki, kama ni wa paneli, usiufanye meza, kwa sababu uso wake una mabonde na sahani zitayumba. Ukipasuliwa kwa urefu unakuwa uso wa mbele wa benchi.

Vipimo vya benchi lenyewe ni hivi. Miguu inchi 4, sakafu robo tatu ya inchi, nafasi ya ndani inchi 9 na nusu, kifuniko robo tatu: jumla inchi 15. Mto wa inchi 4 ukikaliwa unabonyea kama inchi moja, kwa hiyo mtu anakaa kwenye inchi 18, kimo cha kiti cha kawaida. Ndani kunaingia kama lita 240, sawa na ndoo 12 za lita 20. Mablanketi, vyandarua, masufuria ya shughuli, vyote humo. Kifuniko kiwe viwili vya futi 3 kila kimoja. Kimoja cha futi 6 cha mninga kina karibu kilo 14, mama mzee hakiinui, na aliyekaa upande wa pili analazimika kusimama kila unapotaka kitu. Kila kimoja kipewe bawaba tatu za inchi 3 na mnyororo mwembamba wa kukizuia kisirudi nyuma mno. Halafu jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: kwenye kona mbili za mbele bandika vibonge vya mbao au mpira vya robo tatu ya inchi, kifuniko kisifunge kabisa. Vidole vya mtoto havitapondwa, na mtoto akijificha ndani atapata hewa. Kwa sababu hiyo hiyo benchi lisiwekewe komeo la kujifunga lenyewe.

Mgeni akija, unatoa mto wa kuegemea na kuuweka juu ya ule wa kukalia: ni godoro la inchi 8 lenye upana wa futi 2, linalomtosha mtoto au kijana mwembamba. Au vipande vyote viwili vinalazwa sakafuni kwenye jamvi, pawe futi 4 kwa 6. Tunalisema hili kwa sababu watu wanapima sebule yao kwa mgeni. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe; sebule ya futi 10 haiwezi kutengwa kwa ajili yake mwaka mzima. Kochi la kukunja likifungwa linakula kina cha futi 3, likifunguliwa futi 4 na zaidi, na lile la kuvuta kwa mbele linafika futi 6. Kabla ya kulifungua unatoa stuli, unasogeza meza ya televisheni, unahamisha viti. Ukweli tunaouona kazini ni kwamba samani inayodai kuondoa zaidi ya vitu viwili ili ibadilike haibadilishwi; inakaa umbo moja mpaka inaoza. Chuma chake cha katikati nacho kinakaa sawasawa na kiuno cha mlalaji. Hizo ndizo mashine zinazorudishwa kwa fundi kila mara, na hazitengenezeki vizuri kwa kuwa chuma kikishapinda hakinyooki tena kama mwanzo.

Meza ya kulia ndiyo samani inayolipa zaidi kwenye nyumba ndogo ikitengenezwa vizuri. Tunapendekeza meza ya mabawa: kiini cha katikati chenye upana wa inchi 12 na urefu wa inchi 36, na mabawa mawili ya inchi 24 yanayoning'inia pembeni. Imefungwa inakaa ukutani kama rafu nyembamba. Bawa moja likiinuliwa wanakula watatu. Yote mawili yakiinuliwa ni inchi 60 kwa 36, watu sita, kila mmoja na inchi zake 24. Kimo cha meza ni inchi 30, kwa hiyo bawa lisizidi inchi 28, la sivyo litagusa sakafu na kunyonya maji ya kudekia.

Bawa la inchi 24 kwa 36 la mninga likiwa na unene wa inchi 1 lina kilo 9 hivi. Lipigwe randa libaki robo tatu, uzito unashuka karibu kilo 7, na bawaba zinadumu. Hapo angalia skrubu: mbao ya robo tatu haipokei skrubu ya inchi 1, ncha itatokeza juu mezani. Tumia ya nusu inchi, nene kidogo, na tundu litobolewe kwanza kwa keekee. Msumari haufai kabisa kwenye kitu kinachokunjwa. Kila unapokunja unautikisa, mwisho unatoka wenyewe. Mguu unaozungukia chini ya bawa ufike theluthi mbili ya upana wake. Ukiishia karibu na kiini, mtoto akiegemea ukingoni meza inapinduka na chai juu yake.

Uso wa meza usifungwe kwenye fremu kwa skrubu zilizobana kila upande. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya hapa inakauka sana, mbao inasinyaa kwa upana. Fremu ikiikatalia, inapasuka katikati ya mbao au kwenye gundi. Ikija mvua ya Novemba inavimba tena. Tumia vipande vya chuma vya pembe vyenye tundu refu badala ya duara, skrubu ipate nafasi ya kusogea.

Picha za nyumba ndogo za Marekani zinazozunguka kwenye simu zinahitaji neno. Kule kanuni za ujenzi za mwaka 2018 ziliita nyumba ndogo ile isiyozidi futi za mraba 400. Vyumba viwili vya futi 10 kwa 12 ni futi za mraba 240, kwa hiyo wengi wetu tunaishi ndani ya kipimo hicho bila kukipa jina. Lakini ukuta wao ni wa nguzo za mbao, mara nyingi kila baada ya inchi 16, na kitanda cha kusimamisha ukutani, kile kilichojulikana kwa jina la William Murphy wa San Francisco, kinafungwa kwenye nguzo hizo. Ukuta wetu ni tofali. La simenti au la kuchoma vizuri linashika boliti. Tofali mbichi lenye plasta nyembamba halishiki. Plagi ya plastiki inazunguka ndani ya udongo, na siku moja kitanda kinamwangukia mtu. Kwenye ukuta wa tofali mbichi, kila samani ya kukunja isimame kwa miguu yake, ukuta uwe wa kuegemea tu. Ukitaka rafu juu ya mlango, ambayo ni nafasi nzuri isiyotumiwa, iwe ya upana wa inchi 10 na nguzo mbili zishuke hadi sakafuni pande zote za fremu.

Kabati la kugawa chumba na sebule tunalipenda, kwa sharti kimo chake kisizidi futi 6, lisizibe dirisha, na lifungwe juu kwenye kenchi au ukutani kwa pembeni. Kina cha kutundikia nguo kisipungue inchi 22, kwa kuwa hanga la mtu mzima lina kama inchi 17 na nguo ina mabega yake. Kama nafasi ni inchi 14 tu, bomba la nguo ligeuzwe litoke nyuma kuja mbele, nguo zikutazame kifua.

Jikoni tuseme mawili. Kabati la kuficha mtungi wa gesi liwe na matundu chini kabisa, karibu na sakafu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa chini. Matundu ya juu peke yake hayasaidii. Na hakuna samani ya kazi mbili inayohalalisha jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata likiwa limebaki majivu. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Viti vya plastiki vinavyopachikana tusivibeze. Sita vikipangwa vinakula nafasi ya kimoja. Fundi mwaminifu atakwambia ununue hivyo, fedha ya mbao uipeleke kwenye benchi na meza.

Kwa atakayelazimika kununua mbao mpya: miguu na fremu mninga au mkurungu, rafu za ndani paini inatosha kama haigusi sakafu wala ukuta wenye unyevu. Mbao za msitu ziwe na alama ya nyundo ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na risiti yake, usije ukapata usumbufu wakati wa kuzisafirisha. Ukavu usiukadirie kwa kugonga tu. Kata kipande cha inchi 6 kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka haraka. Kipime dukani kwenye mzani, kianike juani wiki nzima ukikiingiza ndani usiku, kipime tena. Kikiwa kilianza na gramu 500 na kimepungua zaidi ya 25, ubao huo bado mbichi, usitengenezewe droo wala bawa.

Mwisho ni makubaliano na fundi, na yaandikwe kwenye karatasi pamoja na malipo ya kwanza. Andika vipimo vya nje, aina ya mbao kwa kila sehemu, idadi ya bawaba, na kwamba utaikunja na kuikunjua mara 20 kiwandani mbele yake kabla ya kumalizia fedha. Andika pia mwezi. Droo iliyotengenezwa Oktoba iachiwe pengo la milimita 3 juu, kwa sababu mbao imesinyaa na Desemba itavimba. Iliyotengenezwa Februari inatosha milimita 1 au 2. Na fundi akubali kurudi mara moja baada ya mvua za kwanza, akiwa na randa, kwa kazi isiyozidi saa moja: kupunguza droo inayokwama na kukaza boliti zilizolegea.

Wako,
Mafundi seremala, Ng'ambo,
Tabora